Ng'ombe wa Kioo

Mulenge, tarehe 4 Juni 2023

Wifi yangu mpenzi Claudette,

Amani ya Bwana iingie nyumbani kwako hapo Kasenga, Uvira, ikae na mumeo na watoto. Ni mimi Uwacu, mke wa mdogo wako Irakiza. Kila ninapoandika maneno hayo, "mke wa Irakiza", inabidi niweke kalamu chini nicheke kwanza. Wiki tatu sasa, na bado nikisikia mtu akimwita mke wa Irakiza nageuka kuangalia ni nani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu rezo ya simu tunaipata juu ya kilima cha kanisa tu, na huko kila muntu anasikia unachosema. Kwizera, yule anayeshusha jibini Uvira, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nina habari nzuri mpaka sijui nianzie wapi. Tuna mwanga. Siku niliyotoka Rugenge baba yangu, mwalimu Gracien, alifunga plake ya jua, batri na ampuli tatu katikati ya godoro langu ili visivunjike njiani. Irakiza aliifunga plake mwenyewe juu ya zizi la ndama, maana nyumba ni ya nyasi na zizi ndilo pekee lenye mabati, hata kama halinifikii kichwani. Alifanya kazi hiyo shati likiwa limelowa jasho mgongoni, nami nilikuwa nimesimama chini nikimpa misumari mmoja mmoja, polepole, ili asimalize.

Jioni tulipoiwasha mara ya kwanza, Mama yenu alikaa kwenye kigoda chake akaitazama ampuli bila kupepesa. Kisha akasema, "Izimeni, nione kama itarudi." Tukazima, tukawasha. Akasema, "Tena." Tulifanya hivyo mara saba.

Zamani walikuwa wanakamua mbio kabla giza halijaingia. Sasa Irakiza anakamua bila haraka, anapiga mluzi, na mimi nashika ile ampuli yenye waya mrefu nikijifanya namwangazia ng'ombe, kumbe namwangalia mume wangu. Na Mama, ambaye anajua Zaburi nyingi kwa kichwa, ameanza kuniomba nimwonyeshe kwa kidole yale maneno anayoyasema yako wapi kwenye ukurasa. Kila jioni, moja au mbili.

Asante kwa kitenge ulichonipa. Ni laini sana. Nakupenda, hata kama siku ya harusi hukunisemesha.

Wako,
Uwacu, mke wa Irakiza


Kasenga, tarehe 15 Juni 2023

Kwa Uwacu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja na imetosha.

Umeandika habari za shati la mdogo wangu, za mluzi wake, za jasho lake. Hukuandika neno hata moja juu ya mtamba. Nilitafuta, nikageuza karatasi, nikafikiri labda umeandika nyuma.

Acha nikufundishe, maana umekulia Rugenge kati ya maduka. Irakiza alitoa ng'ombe wanane wa mahari. Wakishafika kwa baba wa msichana, baba huyo hurudisha mtamba mmoja kwa hao wanaoanza maisha. Tunamwita indongoranyo. Huyo ndiye anayesema kwamba binti hakuuzwa, kwamba mazizi mawili yamekuwa moja. Hata maskini hurudisha. Atarudisha mwenye mguu mbovu, lakini atarudisha.

Baba yako alirudisha nini? Kioo. Jua limekuwa juu ya Mulenge tangu babu zetu, bure, na weye umelipandisha ndani ya godoro kama kitu ulichotengeneza. Mtamba anazaa, na ndama wake anazaa, na baada ya miaka kumi iko kundi. Hiyo plake yako itazaa nini? Sharifa, jirani yangu wa duka, ambaye si hata wa kwetu, aliniuliza jana kama ni kweli huko juu mnakunywa maziwa ya ng'ombe wa kioo. Watu walicheka mpaka upande wa pili wa barabara. Nilifunga duka saa tisa nikaenda nyumbani.

Mama ana haya. Yeye ni mpole, hatakwambia. Minye si mpole, nakwambia.

Andika uniambie mtamba anakuja lini. Na kwa sababu Mama hajui kusoma, barua hii utamsomea weye. Msomee kama ilivyo. Usitie sukari.

Claudette


Mulenge, tarehe 29 Juni 2023

Wifi yangu mpenzi,

Nilimsomea Mama barua yako jioni ileile, chini ya ampuli, kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Alisema, "Claudette wangu ana moyo mzuri." Nakuletea maneno yake kama yalivyo, bila sukari.

Sasa niache nikueleze hiyo haya unayosema Mama anayo, kwa maana mimi naishi naye na weye uko mbali. Ile taa ya kopo ya petroli aliyokuwa akikaa karibu nayo kila jioni ilikuwa inamtia masizi puani. Asubuhi alipopenga, kitambaa kilikuwa cheusi. Alikohoa tangu kuwasha mpaka kuzima. Taa hiyo sasa iko juu ya dari, na kikohozi kimepungua mpaka amerudi kwenye kwaya. Tena kwaya imekuja kwake. Firmin, mwalimu wao, alihamishia mazoezi kwetu, kwa sababu wamama wanatoka shambani jua likizama na kanisani hakuna kitu cha kusomea nyimbo. Wanakaa kumi na wawili kwenye mikeka, simu zao zikiwa zimepangwa ukutani zinakula moto kutoka kwenye batri. Mama, ambaye tangu baba mkwe afariki alikuwa anafunga mlango ndege wakinyamaza, sasa ndiye anayewafukuza watu.

Plake haizai, ni kweli. Haiugui kwato pia, na haijawahi kuvunja ua wa jirani ikala mihogo yake. Kuhusu kuzaa, wifi, mimi na Irakiza tuna mwezi na nusu tu. Tupe muda kidogo. Hatujakaa bure.

Yeye mwenyewe hanisemeshi juu ya mtamba. Nikimuuliza ananishika mkono ananiambia nisisumbuke, na mkono wake ukishika wangu mimi nasahau swali. Ndivyo nilivyoolewa, na sina aibu kuliandika.

Mwambie Sharifa kwamba maziwa ni yaleyale. Tofauti ni kwamba siku hizi tunaona nzi aliyeangukia ndani.

Uwacu, mke wa Irakiza


Kasenga, tarehe 9 Julai 2023

Uwacu,

Mama alisema nina moyo mzuri, baada ya maneno yale? Basi hukumsomea. Ulimsomea kitu kingine ulichotunga. Nilijua umesoma sekondari, sikujua ndiko wanakofundisha hivyo.

Unasema Irakiza anakushika mkono unasahau swali. Nitakukumbusha mimi.

Kati ya wale wanane, mmoja hakuwa wake. Alikuwa wangu. Jina lake Bihogo. Baba alinipa siku nilipompelekea mjukuu wake wa kwanza. Alimshika mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanionyesha ndama wa rangi nyekundu iliyokolea, akasema huyo ni wa mama wa mtoto. Mwaka uliofuata Baba alikufa. Hapa Kasenga hakuna malisho, kwa hiyo nilimwacha Bihogo kwa Mama. Kila nilipopanda nilimkuta zizini, na alinijua. Alikuja kunilamba mkono kabla ya wengine.

Irakiza alikosa ng'ombe wa nane. Alishuka mpaka hapa, akakaa kwenye kiti changu, akalia kama mtoto. Akasema, "Dada, nipe Bihogo. Mtamba atakayerudi ni wako." Nilimpa kwa ajili yako weye, niliyekuona mara mbili tu. Siku ya harusi nilipoona godoro linashushwa kwenye gari na nyuma yake hakuna mnyama, ndiyo maana sikukusemesha. Nilikuwa natafuta kamba, naangalia nani anamvuta.

Hakukwambia? Muulize huyo anayepiga mluzi.

Sasa sikiliza. Yuko mchuuzi wa ng'ombe anaitwa Clovis. Ana mtamba mwekundu, anatafuta plake kwa ajili ya mke wake. Atamwacha mtamba achukue plake, batri na ampuli zote tatu. Atapita kwanza kuviangalia, halafu Jumamosi tarehe 19 Agosti atapanda na mtamba. Irakiza amekubali. Alinipigia mwenyewe kutoka kilima cha kanisa, kwa simu aliyoijaza moto kwenye batri yako. Lakini nataka na weye ukubali kwa maandishi, maana maneno ya simu watu huyakana.

Jiandae. Mama aliishi bila ampuli miaka sitini na nane.

Claudette


Mulenge, tarehe 21 Julai 2023

Claudette,

Nilimuuliza. Aliacha kupiga mluzi.

Alikuwa anakamua. Aliendelea kukamua mpaka chombo kikajaa, kisha akasema bila kugeuka kwamba ni kweli, yote, na kwamba aliogopa angeniambia ningejiona nimeingia nyumba hii juu ya mgongo wa mnyama wa mtu mwingine. Nilimwambia sasa najiona hivyo, na juu ya hayo naona nina mume mwoga. Siku mbili nilimpikia bila kumsemesha. Na katika siku hizo mbili nilikuwa bado nampenda, jambo lililoniudhi kuliko yote. Siku ya tatu alikwenda mpaka mtoni akaniletea yale majani ya kunukia ninayoweka kwenye maji ya kuoga, akayaacha mlangoni kama mbwa anayerudisha kiatu. Nikacheka. Basi.

Pole kwa Bihogo. Naandika hivyo kwa moyo, na sitaandika tena kwa sababu najua hutaamini.

Lakini plake haishuki. Kosa ni la Irakiza, na Irakiza ana mikono. Ukichukua plake humwadhibu yeye, unamzimia Mama. Miaka sitini na nane bila ampuli, unasema, kana kwamba alipewa nafasi ya kuchagua. Umepanda kumwona mara ngapi mwaka jana, wifi? Kwaya nzima ilijua anakohoa. Weye ulijua? Ng'ombe alikulamba mkono, vizuri. Na mama yako ulimshika mkono lini?

Mwambie Clovis akija alete kamba mbili. Moja ya mtamba, nyingine ya kunifunga mimi, kwa sababu nitakuwa nimekaa juu ya zizi.

Mama ameomba na barua hii yako ya pili. Iko ndani ya Biblia pamoja na ile.

Uwacu


Mulenge, tarehe 31 Julai 2023

Claudette,

Sina salamu.

Clovis wako alipita Jumatatu iliyopita. Mimi nilikuwa shambani. Alimkuta Irakiza, akapiga goti juu ya mabati, akaisugua plake kwa kiganja, akaigongagonga kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akaondoka. Tangu siku hiyo mwanga unakufa. Alhamisi ampuli zilififia kabla kwaya haijamaliza wimbo wa pili. Jumamosi tuliwasha moja tu, ikawa na rangi ya chai. Jana hakuna kitu. Taa ndogo ya kwenye kisanduku cha batri inapepesa nyekundu, kisha inazima. Jua ni kali, hakuna wingu tangu mwezi wa sita. Irakiza alikagua kila waya na hakuna uliokatika.

Firmin aliwarudisha wamama njiani. Mama mwenyewe aliitoa taa ya kopo kutoka darini. Amekohoa usiku kucha.

Ulishindwa kuichukua ikiwa hai, ukamtuma mtu aiue. Nilijua unanichukia. Sikujua unaweza kumchukia hata yeye.

Uwacu, mke wa Irakiza, na nitabaki kuwa hivyo


Kasenga, tarehe 8 Agosti 2023

Uwacu,

Nilipomaliza kusoma nilikaa kwanza. Watoto waliniuliza nani amekufa. Niliwaambia ng'ombe wa kioo.

Ng'ombe wa kweli akifa tunakula nyama, ngozi tunalalia, na pembe tunapuliza kuwaita watu kanisani. Wako amekufa, utakula nini? Utalalia bati?

Unasema namchukia mama yangu. Maneno hayo nitakuwekea mpaka siku utakapokuwa na binti na huyo binti aolewe mbali. Nina watoto wanne na duka, na barabara ya huko mvua ikinyesha hata Kwizera anasukuma pikipiki kwa miguu. Sikujua kuhusu kikohozi. Nilipompigia Irakiza alisema yuko mzima. Kila mara anasema yuko mzima. Naona si mimi peke yangu niliyedanganywa na huyo kijana.

Na usifikiri mimi nakaa kwenye mwanga mjini. Waya uko ukutani kwangu tangu kabla ya mtoto wa pili. Umeme unakuja unapotaka, mara nyingi tukiwa tumelala. Mwanangu mkubwa anajiandaa kwa mtihani wa serikali kwa mshumaa, amechoma nywele za mbele. Nilipokusoma unaandika kwaya, mikeka, simu ukutani, unafikiri nilikuwa nacheka?

Clovis hakuiharibu. Nilimwendea mpaka kwake nikamuuliza mbele ya mke wake. Alikasirika. Alisema aliisugua kidogo tu aone kioo, na jambo pekee aliloliona ni kwamba ilikuwa inateleza, na kiganja chake kilinuka maziwa mpaka alipofika Uvira. Sijui mnafanyia nini vitu huko.

Atakuja tarehe 19 vilevile. Anasema hata ikiwa imekufa ana fundi.

Claudette


Mulenge, tarehe 16 Agosti 2023

Wifi Claudette,

Naanza na lililo gumu. Nakuomba msamaha. Clovis hakufanya kitu, na weye hukufanya kitu.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba kiganja kilinuka maziwa, niliacha barua mezani nikatoka. Irakiza alinifuata, akanishika kiuno nipande, na hata katika hasira zangu zote nilitambua kwamba amenishika kiuno. Niligusa plake. Juu ilikuwa vumbi, lakini si vumbi la kupuliza likaruka. Lilikuwa limeganda kama ngozi ya uji. Niliparua kwa ukucha, chini yake nikakuta siagi.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anasuka maziwa kwenye kibuyu, anatuangalia. Hakuficha. Alisema kila Jumapili alfajiri, kabla ya kanisa, amekuwa akiipaka siagi ya ng'ombe, vizuri, mpaka kwenye pembe. "Vyombo vya maziwa visipopakwa vinapasuka," alisema. "Na bibi arusi akiingia anapakwa. Hiyo plake mlimwingiza bila kumpaka kitu." Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza. Irakiza alilazimika kwenda nyuma ya nyumba acheke.

Basi siagi ilishika vumbi lote la kiangazi, na kioo kikawa kipofu. Niliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikaipangusa kwa kitenge ulichonipa kwa sababu hatuna kitambaa kingine laini. Siombi msamaha kwa kitenge. Jioni ampuli zote tatu ziliwaka, na Mama akasema, "Izimeni, nione kama itarudi."

Sasa yaliyobaki, kwa sababu nimechoka kuyabeba.

Ulikuwa na haki kuhusu barua zako. Sikumsomea. Nilifungua karatasi yako mbele yake nikasema maneno yangu, kwamba unamsalimu, unamkumbuka, unatuombea. Ya pili na ya tatu pia. Alikuwa anafurahi, na mimi nilipenda kumwona anafurahi.

Na baba yangu hakukosa adabu. Aliniita kabla ya harusi akasema ana uwezo wa kitu kimoja, mtamba au plake, nichague. Mimi nilijua indongoranyo ni nini. Sikukulia dukani kiasi hicho. Nilichagua plake. Nilikuwa mchumba wa Irakiza miaka miwili, yeye huku na mimi Rugenge, na kila nilipopanda kuwasalimu, giza likiingia nilikuwa nasikia sauti yake tu. Nilitaka kuona uso wake jioni. Sikufikiria mazizi mawili, sikumfikiria Mama, na Bihogo sikumjua. Hayo mazuri yote niliyokuandikia yalikuja yenyewe baadaye, nikayatumia kama fimbo ya kukupigia.

Bado nakuona mkali kupita kiasi. Lakini ng'ombe alikuwa wako, na alitolewa na baba yako. Jumamosi sitakaa juu ya zizi. Irakiza ameanza kulegeza misumari. Anailegeza mmoja mmoja, polepole, na safari hii ni mimi ninayetaka amalize haraka.

Mama ameuliza kama anaweza kuiona barua yako ya tatu. Nimempa.

Uwacu


Mulenge, Jumapili tarehe 20 Agosti 2023

Claudette,

Ni mimi Mama. Hii ni mukono yangu. Uwacu iko jikoni, nimemukataza kuja.

Nimeanza kuandika Ijumaa. Leo namaliza.

Nimesoma barua zako zote tatu. Mimi mwenyewe. Ya kwanza ilinichukua wiki nne. Nilianza na jina lako, kisha maneno ambayo iko pia katika Zaburi, kisha yale mengine. Uwacu alinisomea sukari. Nilisoma chumvi peke yangu, kwaya ikisha kwenda.

Uliandika kwamba nina haya. Sikuwa na haya. Nilikuwa na moshi.

Irakiza alikosa. Nimemwambia mbele ya kwaya, akainama. Ng'ombe yangu Sine ana mimba. Akizaa jike, ni yako. Akizaa dume, utangoja, lakini utapata. Utampa jina weye. Bihogo namukumbuka. Na mimi alikuwa ananilamba.

Uwacu alikosa. Muntu akimusomea mwingine hatungi. Nimemukataza kunisomea tena. Sihitaji.

Weye pia umekosa. Ulimutuma muchuuzi ndani ya zizi ya baba yako kuchukua kitu, na mimi niko hai, nimekaa mulangoni. Kama unataka kitu katika zizi hii, unauliza mimi.

Clovis alikuja jana. Mutamba wake ni muzuri, ana macho ya woga. Nilimupa Clovis maziwa. Alipomaliza nikamwambia arudi naye, kwa sababu mutamba wetu uliisha kuingia. Akauliza iko wapi. Nikamwonyesha juu ya mabati. Alicheka. Nikamwangalia, akaacha. Irakiza alipigilia misumari tena. Uwacu alilia, akamukumbatia mbele ya mugeni. Hana adabu huyo, lakini anampenda mutoto wangu.

Mutamba akiingia kwetu anapakwa siagi na anapewa jina. Hakuna aliyefanya. Mulikuwa munaandikiana. Basi nilifanya mimi. Siagi nilikosea, sasa najua. Jina sikukosea. Anaitwa Rumuri, ni kusema mwanga. Anakamwa jioni.

Mutoto wako asichome nywele tena. Mulete, asomee hapa mpaka masomo ianze. Mulete weye mwenyewe. Usimupe Kwizera.

Barua nyingine usimwandikie Uwacu. Niandikie mimi. Weka herufi kubwa. Kama una matusi yaandike, nitayafikia.

Mukono imechoka.

Mama yako,
MUKARUSANGA